Mtoto Akilazwa, Shika Daftari

Ninalo mpaka leo: daftari la shule la kurasa 32, nyuma ya jalada lina jedwali la kuzidisha, pembe moja imekunjamana kwa maji ya dripu. Mwandiko wa ukurasa wa kwanza umepinda kama wa mtoto wa chekechea, maana niliandika gizani, mkono mmoja umemshika mwanangu. "Saa nne usiku, ametapika uji. Saa sita, mkojo kidogo. Saa nane, moto sana, nesi amempa dawa ya homa." Asubuhi daktari aliposimama kitandani na kuuliza mtoto amelalaje, nilimsomea mistari ile. Akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwenzake, akabadilisha dawa palepale.

Hiyo ilikuwa mara ya pili kulazwa. Mara ya kwanza, katika hospitali ambayo sitaitaja, sikuwa na daftari. Jioni mtoto alihamishwa kitanda wakati manesi wanapokezana zamu, faili likabaki kitanda cha zamani, na sindano ya saa nne usiku ikapita bila kuchomwa. Nilimwona nesi akipita mara tatu nikanyamaza, nikisema moyoni hawa wanajua kazi yao. Na kweli waliijua. Ila walikuwa wawili na wodi imejaa pomoni. Tangu usiku ule nimeshika neno moja: daktari hubadilika, nesi hubadilika, kitanda hubadilika, mzazi yuko palepale. Basi habari za mtoto zikae kwake.

Haya nimemwandikia mzazi wa Ganze, wa Bamba, Jaribuni, Sokoke na Vitengeni, ambaye akiambiwa "mpeleke hospitali kubwa" anajua maana yake ni Kilifi, na kwamba kabla ya matatu kuna bodaboda, na kabla ya bodaboda kuna miguu.

Hatua ya kwanza: mfuko na ruhusa, mtoto akiwa bado mzima

Mfuko ni rahisi. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, cheti cha kuzaliwa au ile karatasi ya kwanza uliyopewa alipozaliwa, nakala ya kitambulisho, leso mbili, kikombe na kijiko, sabuni, chaja ya simu, daftari na kalamu. Utundike mahali ambapo hata mtoto mkubwa akitumwa usiku ataufikia. Ndani ya jalada la daftari andika namba ya bodaboda aliyekubali kuamshwa saa nane za usiku, na ya mhudumu wa afya wa kijijini.

Ruhusa ndiyo ngumu. Watafiti waliokaa na akina mama wa Kilifi wameliandika jambo ambalo sisi hatukuhitaji kuandikiwa: mama huona hatari mapema, lakini nauli na neno la mwisho viko kwa mume au kwa mavyaa. Baba yuko kibaruani Mombasa au Malindi, simu imezima chaji. Mavyaa anasema ngoja kupambazuke. Mtoto hangoji.

Kwa hiyo ruhusa iombwe siku watu wameshiba na hakuna anayeumwa. Mwambie mume wako, mbele ya mama yake ikiwezekana: "Baba nanihii, mtoto akipatwa na moja ya haya mambo, mimi naondoka, nitakupigia nikiwa njiani." Mtajie mambo yenyewe. Mkubaliane pia nauli itatoka wapi, kama ni kuku, kama ni za chama, kama ni jirani wa kukopesha. Ukiondoka usiku kwa makubaliano, hakuna atakayekuita mkaidi asubuhi. Na baba, kama ni wewe unayesoma, usingoje kuombwa.

Hatua ya pili: jua kinachokuondoa nyumbani papo hapo

Mtoto amelegea, ukimwita haitikii kama kawaida. Hanyonyi wala hanywi. Anatapika kila kinachoingia. Amepatwa na degedege. Akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani. Viganja vimekuwa vyeupe. Ni mchanga wa chini ya miezi miwili na ana homa, au mwili wake umepoa kupita kiasi. Moja tu kati ya hayo yatosha. Usisubiri litimie la pili.

Kuna jingine linalokuja polepole hadi macho yakalizoea, nalo ni kukonda. Mhudumu wa afya ana utepe wa kupima mkono wa juu wa mtoto kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Chini ya sentimita 11.5 ni hatari. Miguu yote miwili ikivimba na ukibonyeza pakabaki shimo, ni hatari hata kama mkono ni mnene. Hapa kwetu mtoto akifikia hali hiyo huanza minong'ono ya chirwa, kwamba mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa. Nimewaona akina mama waliokaa nyumbani wiki nzima kwa kuogopa macho ya watu wa kituoni kuliko kumwogopea mtoto. Mavyaa wapendwa, mengine tutayazungumza baadaye. Utepe haujui nani alilala wapi.

Sasa degedege. Wengine tunaliita nyuni, na wazee hulihusisha na ndege. Wapo wanaoamini kwamba mtoto wa nyuni akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo humaliza kwanza ya nyumbani. Sikuja kugombana na mtu juu ya ndege. Ninachojua ni kwamba degedege la mtoto mwenye homa laweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo, na zote mbili hazingoji. Mlaze kwa ubavu, ondoa kilicho karibu chenye ncha, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, usimpake wala kumnusisha mafuta ya taa. Tazama saa lilipoanza na lilipokwisha. Halafu ondokeni. Bibi akitaka kumfukiza, mwambie kwa adabu: "Hawe, dawa yako tutaikuta tukirudi."

Hatua ya tatu: njiani

Kama dispensari iko njiani, pitia. Huko wanaweza kuanzisha dawa ya kwanza na kukuandikia barua ya rufaa, na dawa iliyoanza mapema imeokoa saa ambazo barabara ingezila. Omba wapige simu kuuliza ambulensi ya kaunti. Ikiwa haipo, usikae kuitazamia.

Anayeweza kunyonya anyonye njia nzima. Anayeharisha na bado anameza, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kijiko baada ya kijiko, ukisoma kwenye pakiti kiasi cha maji ya kuchanganyia, kwa sababu pakiti hazilingani. Kwenye bodaboda mfunge kifuani, si mgongoni, ili uuone uso wake.

Hatua ya nne: mlangoni

Foleni ni ya watu wanaoweza kungoja. Mtoto mwenye dalili nilizotaja hangoji, na manesi wamefundishwa kumtanguliza. Tatizo ni kwamba hawamwoni akiwa amefunikwa leso nyuma ya watu thelathini. Sisi tumelelewa tusipige kelele mbele za watu. Hapa piga. Simama, mfunue uso, useme: "Sista, mtoto wangu hapumui vizuri," au "Sista, ameshikwa na degedege njiani." Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, yasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Huna haja ya kukitaja kifungu. Kijue tu, sauti itoke.

Ukifika mbele ya daktari, sema mambo matatu kwa mpango huu: ugonjwa ulianza lini, leo kimezidi nini, na amepewa nini mpaka sasa. Hilo la tatu ndilo tunalolificha. Vidonge vya dukani, maji ya mizizi, chale, kila kitu. Unaweza kufokewa, nilifokewa mimi. Lakini dawa nyingine za mizizi huumiza ini na figo, na daktari asiyejua atakuwa anatafuta gizani. Kama mtoto amevaa pingu, yaani hirizi, mkononi na mkono huo unahitajika kwa sindano, omba uihamishie shingoni au uiweke mfukoni mwako. Nesi mwenye haraka ataikata. Nesi mwema atangoja uifungue.

Hatua ya tano: vitu vinne vitakavyokutisha

Cha kwanza ni damu. Wataichukua kwa vipimo, na macho yako yataona nyingi kuliko ilivyo. Uliza ni mililita ngapi. Kijiko cha chai ni mililita 5. Vipimo vingi vya siku ya kwanza havizidi kijiko kimoja.

Cha pili ni maji ya uti wa mgongo. Mtoto hukunjwa kama kamba wa baharini, na mama huombwa asogee. Uvumi ni kwamba wanaotolewa maji hayo hufa au hupooza. Wapo waliokufa baada yake, kwa sababu hupimwa hivyo watoto wanaoshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, ambayo yenyewe ni muuaji. Bila kipimo hicho daktari hana hakika ampe dawa gani wala kwa siku ngapi.

Oksijeni nayo ina sifa hiyohiyo mbaya: "Ukiona wamemwekea bomba puani, jua kwisha." Nimekaa karibu na mtoto aliyewekwa bomba Jumatano, Ijumaa akawa ananyang'anyana biskuti na wa kitanda cha pili. Kazi yako ni kulitazama lile bomba. Watoto hulivuta. Likitoka, usilirudishe mwenyewe kwa kubahatisha, ita nesi sasa hivi.

Na dripu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa sisi wazazi tunaua bila kujua. Kwenye mpira wa dripu kuna kigurudumu kidogo cha kupunguza na kuongeza mwendo wa matone. Usiku mama anaona matone yanadondoka kwa uvivu, mtoto midomo imekauka, anajiambia maji yakienda mbio atapona mbio. Anakisukuma kigurudumu kwa kidole gumba. Nimeona kwa macho yangu, na aliyefanya hivyo alikuwa akitusaidia sote kwa moyo mweupe, anapita kitanda hadi kitanda.

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioitwa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali ambao mzunguko wao wa damu ulikuwa umedhoofika. Kilifi ilikuwamo. Kabla ya hapo hata madaktari wakubwa duniani waliamini kama yule mama, kwamba watoto wa namna hiyo wamiminiwe maji mengi kwa haraka. Ikaonekana kinyume: katika waliomiminiwa, 10.5 kwa kila 100 walikufa ndani ya saa 48. Katika wale ambao hawakumiminiwa, 7.3. Mtoto anayeharisha mpaka kukauka ana hesabu yake nyingine, na aliyekonda sana ana yake pia. Ndiyo sababu kile kigurudumu si chako wala si changu. Ukiona matone yamesimama kabisa, au mkono wenye sindano umevimba na kuwa mgumu, ita. Na ule ubao mdogo wa katoni ya dawa waliomfungia mkono usikunjike, usiufungue kwa kumwonea huruma. Sindano ikitoka atatafutwa mshipa upya, na mshipa wa mtoto aliyekauka hutafutwa kwa machozi ya watu wawili.

Hatua ya sita: daftari lenyewe

Kila mstari uanze na saa. Baada yake andika kilichoingia na kilichotoka. Kilichoingia: maziwa, uji, dawa, dripu mpya. Andika vikombe au vijiko, usiandike "amekula vizuri". Kilichotoka: matapishi, choo, mkojo. Mkojo hakuna anayeujali mpaka daktari aulize, na daktari huuliza daima, maana huonyesha kama maji yanafika yanakotakiwa. Ongeza chochote kilichobadilika: amefungua macho, amelia kwa sauti, pumzi imekuwa ya mbio. Jina la dawa hulijui? Andika "sindano nyeupe ya saa nne" au omba nesi akuandikie. Sijaona aliyekataa.

Hujui kusoma? Jirani yako wa kitandani ana mtoto shuleni, au yeye mwenyewe alifika darasa la nane. Nimewahi kuwaandikia watu wanne usiku mmoja. Mwingine alikuwa na mpango wake: alifunga mafundo kwenye uzi wa kitenge, fundo moja kila mtoto alipokojoa, na asubuhi akampa daktari uzi ahesabu.

Dawa ya saa fulani ikipita nusu saa hujaona mtu, nenda kwenye meza ya manesi. Usiende na lawama. "Shikamoo sista, wa kitanda cha saba, sindano ya saa nne bado." Maneno hayo machache ndiyo niliyoyakosa ile mara ya kwanza.

Hatua ya saba: madaktari wakija kundi

Asubuhi watakuja wengi pamoja, wakizungumza Kiingereza juu ya kichwa cha mtoto wako. Hilo ni jambo la adabu mbovu, ila usilibebe moyoni. Shika maswali matatu uliyoyaandika usiku na uulize kabla hawajahamia kitanda cha pili: anaumwa nini, mnamtibu kwa dawa gani, na ni kitu gani nikikiona niite mtu. Jibu likija kwa maneno magumu, sema, "Daktari, nieleze kama unamweleza mama yako." Kama Kiswahili chenyewe kinakupiga chenga kwa uchovu, omba mtu wa Kigiriama. Hospitali za huku hazikosi.

Hatua ya nane: karatasi ya utafiti

Kilifi si kama kwingine. Tangu 1989 taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na wenzao wa Wellcome Trust wa Uingereza wana kituo cha utafiti kando ya hospitali ya kaunti, na wodi ya watoto ni mahali wanapofanyia kazi. Mengi yanayojulikana leo kuhusu malaria kali ya watoto yametoka katika vitanda hivyo. Kwa hiyo, katikati ya hofu yako, anaweza kuja kijana mpole na karatasi, akuombe mtoto aingie katika utafiti.

Uvumi wa mumiani ni mkongwe kuliko KEMRI, na mtu anayechukua damu ya watoto hakosi kuitwa hivyo. Mimi simwiti hivyo, wala sikuambii usaini kila unacholetewa. Mtake akusomee kwa lugha yako. Muulize: hii ni tiba ya mwanangu au ni ya kujifunza? Damu vijiko vingapi, mara ngapi? Nikikataa, tiba yake itapungua? Jibu la swali la mwisho lazima liwe hapana, na ukishakubali una haki ya kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Akikuharakisha, mwambie unataka kuzungumza na mume wako kwanza. Zipo tafiti za dharura zisizoweza kungoja simu, nazo wanatakiwa kukueleza hivyo waziwazi. Mimi mara moja nilikubali, mara moja nilikataa. Mara zote mbili uji ulikuja saa ileile.

Hatua ya tisa: wewe, na baba yake

Utalala na mtoto kitandani, au chini kwenye leso. Inachosha, lakini usiwaonee wivu wa kwingine. Uingereza ya miaka ya baada ya Vita vya Pili, mtoto akilazwa mama alirudishwa nyumbani, akaruhusiwa kumtazama kwa saa chache tu, mahali pengine siku moja kwa juma. Walisema mtoto akimwona mama hulia, kwa hiyo asimwone. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alipiga filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane bila mama, watu wakaona jinsi anavyojizuia kulia mpaka uso unabadilika. Mwaka 1959 kamati ya Platt ikaishauri serikali yao milango ifunguliwe na akina mama waruhusiwe kukaa. Walihitaji filamu na kamati kufika ilipokuwa leso yetu.

Lakini leso hiyo ina mtu juu yake. Kula. Anayenyonyesha bila kula ataishiwa nguvu na kuongeza mgonjwa wa pili. Oga kila siku, hata kama ni kwa ndoo ya kuazima. Nawa mikono kila ukitoka msalani, kwa sababu wodi huambukiza kuhara upesi kuliko soko. Usimlishe mtoto wa jirani bila kuuliza, hasa akiwa katika maziwa ya utapiamlo, ambayo hupimwa kwa mililita. Na walio nyumbani, piga simu mara moja kwa siku, ujue wamekula, kisha uache.

Baba huja wodini akakaa ukingoni kama mgeni wa harusi isiyo ya kwao. Ana kazi. Mtoto akihitaji damu, hospitali itaomba ndugu waje kurudishia akiba: wenye miaka 16 hadi 65, wasiopungua kilo 50, na wenye afya. Hiyo ni safari ya baba kwenye steji ya bodaboda na kwenye kiwanja cha mpira, si ya mama. Kazi ya pili ni kukaa na mtoto saa za kuruhusiwa kuingia, mama akanyooshe mgongo juani. Ya tatu ni kuwazuia jamaa ishirini wasije siku moja.

Kuna usiku utaamka na kitanda cha pili kimetulia mno. Katika wodi hatupigi mayowe. Mwenzetu alikunja leso yake mara nne, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka mmoja wetu akaishika mikono yake. Tukachanga nauli. Hakuna la kumwambia mtu saa ile, na wanaosema "Mungu amempenda zaidi" ningewaomba wanyamaze mpaka mazishi. Ila mtu mmoja mwenye akili iliyotulia, shangazi au mjomba, akae na daktari siku hiyohiyo aulize mtoto alikufa kwa nini, kwa sababu nyumbani wapo wadogo zake, na kwa sababu jibu la daktari huzima shutuma ambazo zitaanza kabla ya kaburi kufunikwa.

Hatua ya kumi: pesa

Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF haipo, ipo SHA. Kujisajili ni bure, kwa *147# kwenye simu yoyote au kwa mhudumu wa afya, na mtoto uandikishe chini yako. Kujisajili peke yake kunatosha dispensarini na kwenye kituo cha afya. Kulazwa hospitali kunataka mchango uwe umelipwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na sisi tusio na mshahara hulipa wa mwaka. Lipa wakati wa mavuno, si mlangoni.

Usipokuwa nacho, uliza ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza, usingoje bili imepanda. Wanaweza kupendekeza usamehewe yote au sehemu. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama waliozuiwa Pumwani, iliamua kuwa kumfungia mgonjwa hospitali kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba.

Hatua ya mwisho: siku ya kuruhusiwa

Watu hudhani hapa safari imekwisha. Mtandao wa utafiti uitwao CHAIN uliwafuatilia watoto wagonjwa zaidi ya 3,000 wa Afrika na Asia Kusini, wa Kilifi wakiwamo, kwa miezi 6 baada ya kutoka hospitali. Karibu nusu ya waliokufa walikufa baada ya kuruhusiwa. Niliposoma hilo nilikumbuka jinsi sote tunavyotoka: mfuko kwapani, mbio kuwahi matatu, daktari bado anaandika.

Usiondoke kabla hujaweza kurudia kwa kinywa chako, mbele ya nesi, majibu haya: alikuwa na ugonjwa gani, dawa ipi saa ngapi kwa siku ngapi, dalili gani inirudishe, na tarehe ya kliniki. Aliyeharisha apewe zinki, kwa siku zote alizoandikiwa hata kuhara kukikoma mapema. Mwenye utapiamlo aandikiwe kituo cha karibu cha kuchukulia pakiti za siagi ya njugu, na pakiti hizo ni dawa yake, hazigawiwi ndugu zake hata wakilia. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote niliyoandika humu. Mama mmoja wa Bamba alilitatua hivi: mgonjwa alikula pakiti yake nyuma ya nyumba, kwenye mapaja ya hawe, wakati wenziwe wametumwa kisimani. Mwenye selimundu ana kliniki yake na dawa za kila siku, hata asipoumwa. Chanjo iliyompita akiwa wodini idaiwe kabla hujavuka geti.

Mhudumu wa afya wa kijijini aonyeshwe karatasi ya kuruhusiwa jioni ileile mkifika. Atapita kumpima mkono.

Ukurasa wa mwisho wa daftari langu una tarehe tatu za kliniki. Mbili nimezitia alama ya vema. Ya tatu nimeipigia mstari mara mbili na kando yake nimeandika "saa kumi alfajiri, Baba nanihii apige simu kwa bodaboda", kwa sababu siku hiyo ni ya gulio na matatu ya kwanza hujaa mbuzi.